Jina la Kumi na Moja

Ornella Gariglio hakuwa anakunywa maji ndani ya kibanda cha kipaza sauti. Miaka thelathini na moja alikuwa akitangaza mechi za Unione Borgolana, jua la Septemba likichoma paa la bati mpaka rangi inabanduka, na maji hayagusi. Koo likimkauka alimumunya pipi ya mnanaa. Pale Borgolana hakuna aliyemuuliza kwa nini, maana mji mzima ulijua.

Fabrizio hakujua. Fabrizio alikuja na Tosetti, mwenye timu mpya kutoka Milano, kazi yake ati mawasiliano, viatu vyeupe pee. Jumapili hiyo, mechi ya kwanza ya nyumbani ya msimu, alipanda ngazi za kibanda huku anahema, karatasi mkononi.

"Mama Ornella, hii ndiyo ya kusoma leo. Nakuomba sana, usiongeze hata neno."

Ornella alivaa miwani. Aliona majina ya wachezaji kumi na mmoja wa leo, jina la kocha, na tangazo la magodoro, tena mara tatu. Juu kabisa kwa herufi kubwa palikuwa pameandikwa ALPINA 24.

"Alpina ndiyo nani?"

"Ndiyo sisi, mama. Jina jipya. Tulishatangaza tangu Julai."

"Na hiyo ishirini na nne, ya nini?"

"Saa. Yaani starehe saa ishirini na nne." Fabrizio aliinamisha macho. "Si unajua Bwana Tosetti anauza magodoro."

"Basi atafute timu ya watu wanaolala." Ornella aligeuza karatasi nyuma, akaigeuza tena mbele. "Wale Kumi na Moja wako wapi?"

"Hawapo mwaka huu."

Ebo! Hawapo vipi? Kila mwaka, mechi ya kwanza ya nyumbani, kabla hata ya kutaja wachezaji wa leo, mtangazaji wa Borgolana huita majina ya wale wafumaji kumi na mmoja walioanzisha timu mwaka 1911. Yeye huita jina la kwanza, na uwanja mzima huitikia jina la ukoo. Wale walikuwa vibarua wa kiwanda cha sufu, watu wa vidole vilivyopasuka. Jezi zao za kwanza walizifuma wenyewe saa ya chakula, kwa mashine za tajiri na sufu ya tajiri, na kwa kuwa rangi ilikuwa imefungiwa stoo, jezi zilitoka na rangi ya kondoo. Mpaka msimu uliopita timu ilikuwa inavaa rangi hiyohiyo. Timu hiyo imefilisika mara mbili ikafufuka, mto umewahi kubeba jukwaa lake zima, na msimu mmoja tu iliocheza ligi kuu ilifungwa karibu kila mahali. Huo msimu, ukiwasikia wanavyousimulia, utadhani walibeba kombe.

Ila hadithi yenyewe ni ya yule wa kumi na moja, Libero Zanone, winga wa kushoto. Ndiye aliyeongoza mgomo kiwandani, na Mashati Meusi, wale mafashisti, waliposhika nchi walimpiga, wakamnywesha mafuta ya mbarika ya kuharisha hadharani, halafu wakampeleka kufungwa kisiwani. Alifia huko. Jina lake wakalikwangua kwenye jiwe la marumaru langoni pa uwanja, na mtangazaji akapewa amri: kuanzia sasa yatasomwa majina kumi.

Mtangazaji wa enzi hizo alikuwa Secondo Gariglio, babu yake Ornella, na kipaza sauti chake kilikuwa tarumbeta la bati. Alisoma kumi kama alivyoamriwa. Halafu akashusha tarumbeta, akainua glasi, akanywa funda moja la maji, polepole, watu wote wakimtazama. Na jukwaa zima la upande wa mto likavua kofia. Maofisa walipomwita kumhoji alisema koo lilimkauka. Sasa mtu afungwe kwa kunywa maji? Misimu kumi na sita koo la Secondo lilikauka palepale, baada ya jina la kumi, na misimu kumi na sita kofia zilivuliwa. Vita ilipokwisha, mwaka wa arobaini na tano, aliyamwaga maji chini, akainua tarumbeta, akaita "Libero!" Wanasema sauti ya uwanja ilipoitikia, nyumbu wa mkokoteni wa mchuuzi wa divai walikata kamba.

Jina likachongwa tena, na kwa kuwa jiwe lilikuwa limekwanguliwa, likachongwa ndani zaidi kuliko yale kumi. Tangu hapo hakuna Gariglio aliyekunywa maji mbele ya uwanja ule.

"Na jiwe letu?" Ornella aliuliza. "Nimepita langoni nimekuta ukuta mtupu."

"Limehifadhiwa, mama. Liko salama kabisa."

"Wapi?"

Fabrizio alikohoa. "Stoo. Nyuma ya magodoro."

Kila mwaka, kabla ya kupanda kibandani, Ornella alikuwa akipitisha kidole ndani ya herufi za Zanone. Leo kidole kilikosa pa kwenda. Kabla hajafungua mdomo, simu ya Fabrizio ikalia. Kijana akaiweka sauti ya wazi, labda ili lawama zisimwangukie yeye.

"Huyo bibi ameelewa?" ilikuwa sauti ya Tosetti, kutoka jukwaa la wageni wa heshima.

"Bibi yuko hapa anakusikia," Ornella alisema.

"Vizuri. Sina ugomvi na marehemu, mama. Ila leo tuko kwenye televisheni nchi nzima, na watu hawawashi televisheni kusikiliza matanga. Ukitaja jina moja tu la wale maiti, Fabrizio anazima kipaza sauti, unatoka, na humu hutakanyaga tena. Tumeelewana?"

"Nimekusikia."

"Nimeuliza kama tumeelewana."

"Na mimi nimekujibu, baba. Nimekusikia."

Simu ikakatika. Mikono ya Ornella ilikuwa inatetemeka, na aliichukia kwa kutetemeka. Aliogopa, kwa nini tuseme uongo? Mume alishamzika, kiwanda kilishafungwa, na kile kibanda cha mbao chenye harufu ya unyevu ndicho kilichobaki chake. Tarumbeta la babu lilikuwa bado limening'inia kwenye msumari ukutani. Angesoma karatasi akanyamaza, angebaki na kiti chake. Na Libero Zanone angekuwa amekwanguliwa mara ya pili, safari hii kwa mdomo wa Gariglio.

Fabrizio hakuwa mtoto mbaya. Aliiona ile mikono, roho ikamsuta. Alishuka ngazi mbiombio akarudi na glasi imejaa.

"Kunywa maji, mama. Utulie kidogo."

Ornella aliitazama ile glasi, akamtazama kijana, akaitazama tena glasi. Nusura aangue kicheko.

"Asante, mwanangu. Mungu akubariki. Iweke hapo karibu na kipaza sauti."

Timu ikaingia uwanjani na jezi za bluu, na watu elfu nne wakapiga miluzi ya kuzomea. Ornella akawasha kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, karibuni." Uwanja ukatulia ukingoja Battista, maana kila mwaka jina la kwanza ni Battista. Badala yake akaita jina la golikipa wa leo. Waliitikia wachache, tena kwa mashaka. Akaendelea na wa pili, wa tatu, vichwa vikageuka kukitazama kibanda.

"Ornella!" mtu akabweka kutoka upande wa mto. "Na wewe wamekuhonga godoro?"

"La sita kwa sita!" akadakia mwingine, na kicheko kikapasuka, kicheko kibaya.

Maneno yale yalimchoma. Wanawe wa mtaani, watu aliowatangazia harusi na misiba yao, wanamwita msaliti! Alikaza sauti akasoma mpaka mwisho, kocha, magodoro mara tatu na Alpina 24, miluzi ikimfunika. Fabrizio alishusha pumzi, akamwonyesha kidole gumba.

Ndipo Ornella aliposimama. Alisogea dirishani, pale ambapo jukwaa zima lingemwona, akainua glasi juu, akanywa funda moja. Kipaza sauti kilikuwa bado wazi, na lile funda likasikika uwanja mzima, gulp!

Miluzi ikakatika papo hapo.

Wa kwanza alikuwa Delfina Perona, miaka tisini na miwili, mjukuu wa beki Giacinto Perona. Aliinuka kwa kushikilia bega la jirani, akavua kofia yake ya sufu, mvi zikapeperuka. Baada yake kofia zikavuliwa safu kwa safu, kama nyasi zinavyolazwa na upepo. Waliovaa miwani ya jua wakavua miwani. Aimone kinyozi, asiye na kofia wala miwani, alivua nywele za bandia ambazo mji mzima ulijifanya hauzijui.

"Wanafanya nini?" Fabrizio aliuliza. "Mama, umewafanya nini?"

"Mimi? Nimekunywa maji. Si umeniletea mwenyewe?"

Kule chini Delfina alijaza kifua. "Battista!"

"ROLANDO!" uwanja ukaitikia.

"Giacinto!"

"PERONA!"

Simu ikalia. "Zima! Zima hicho kitu!" Tosetti alikuwa anafoka.

"Nizime nini, bwana? Mama hazungumzi! Ni wao wenyewe."

"Basi weka tangazo!"

Fabrizio akazima kipaza sauti, akaweka wimbo wa magodoro kwa sauti ya mwisho. Thubutu! Watu elfu nne waliuzamisha. Mwamuzi alipopuliza filimbi mpira uanze, nahodha Edoardo Koné, ambaye mama yake alifanya kazi kiwandani mpaka siku kilipofungwa, akaukanyaga mpira kwa mguu, akakunja mikono. Akaonyeshwa kadi ya njano. Hakubandua mguu.

Wakafika jina la kumi. Wakaliitikia, kisha wakanyamaza, na wimbo wa magodoro ukabaki unajiimbia peke yake kama mlevi. Delfina alikuwa amefunga mdomo. Hakuna aliyethubutu kuita la kumi na moja. Hilo lilikuwa la Gariglio, na macho elfu nane yalikuwa kwenye dirisha moja.

Fabrizio alisimama mlangoni, uso umempauka. "Mama Ornella, nakusihi. Yale maji nitasema ni bahati mbaya. Hili sitaweza kukuokoa. Utapoteza kibanda."

"Kibanda ni mbao, mwanangu."

Alilitungua tarumbeta la babu kutoka kwenye msumari. Lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka, na bonde moja ubavuni. Alisukuma dirisha likafunguka lote, akamwaga maji yaliyobaki, yakaangukia bango la Alpina 24 lililotundikwa chini yake.

"LIBERO!"

Jibu lilipokuja, glasi tupu ilitembea juu ya meza.

Alishuka ngazi bila kungoja kufukuzwa, tarumbeta kwapani. Walinzi wawili wa Tosetti walikuwa wanamsubiri chini. Mmoja wao, mtoto wa mwuza jibini wa sokoni, aliuliza kwa aibu, "Nikusindikize getini, mama?"

"Getini kufanya nini? Mechi haijaanza." Ornella alielekea jukwaa la mto. Delfina alikuwa ameshasogea, amemfutia vumbi nafasi kando yake kwa ile kofia ya sufu.

"Ulituchelewesha," Delfina alimwambia.

"Koo lilinikauka."

Akakaa, akaliweka tarumbeta magotini, kinywa kikielekea uwanjani.