Bahasha Nyeusi ya Malkia wa Chumvi

Kosa la Piers Ollerenshaw lilikuwa dogo mno hata wenzake mezani hawakuliona. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayejiamini, "Ninaliruka jiwe la tatu," kisha akaendelea kutafuna biskuti yake. Hedley Thackray, aliyekuwa akiongoza mchezo, aliinua macho juu ya kikingio cha kadibodi kilichoficha karatasi zake. Alikuwa hajataja jiwe lolote. Alikuwa amesema kwamba ukumbi una giza na harufu ya chumvi, basi.

Hedley alikuwa amelelewa katika shule ya bweni, kisha akafundisha hesabu katika shule hiyohiyo mpaka alipostaafu. Sura ya mtu aliyeyaona majibu kabla ya mtihani aliijua vizuri kuliko sura yake mwenyewe. Alimtazama Piers, wakili kijana mwenye mikono laini, na mambo yote yakampambanukia.

Mchezo ulikuwa mpya, ukiitwa Malkia wa Chumvi: wa kusimulia safari mezani, kila mmoja akiigiza mhusika wake. Kila mchezaji hununua sanduku lake, na ndani yake hukuta kitabu cha kanuni, dadu za kurusha, na bahasha nyeusi iliyofungwa kwa lakiri. Bahasha ndiyo yenye siri zote za safari: mitego iko wapi, msaliti ni nani, ufunguo anao nani. Anayeongoza mchezo, peke yake, ndiye huvunja lakiri. Wengine huziweka bahasha zao kabatini bila kuzigusa mpaka safari iishe, na hakuna askari anayewalinda isipokuwa heshima yao.

Masanduku hayo yalikuwa ghorofa ya chini, katika duka la Bronagh Tully, mwenye chumba hiki cha juu walimochezea, yamepangwa dirishani kama matofali. Bronagh aliyaagiza kwa neno la meza hii. Wachezaji wote waliinua mikono wakasema wanayataka, naye hakumdai mtu sahihi. Tangu yalipofika lilikuwa limeuzwa moja tu, la Hedley, na hilo ndilo lililokuwa likichezewa mezani. Asubuhi ile, huku mvua ya mji wa Kendal ikimlowesha mabega, Bronagh alimwambia waziwazi wakiwa bado mlangoni.

"Mwalimu, chumba cha juu kinalishwa na rafu za chini. Rafu zisipouza, nakipangisha. Yule bwana anayetaka kuweka magodoro yake humo anataka jibu leo jioni."

"Watanunua."

"Wamekwisha kuanza kununua, Mwalimu. Ila si kwangu."

"Nitasema nao."

"Usithubutu kuniombea! Sikufungua duka ili nionewe huruma. Nataka wateja."

Hedley alimheshimu kwa jibu lile, maana ndilo ambalo angelitoa yeye mwenyewe. Hakuwa na mahali pengine pa kuketi na watu Jumamosi, wala hakutaka pengine. Lakini pale mlangoni alikuwa amemwahidi Bronagh kwamba hatawahubiria wenzake, na ahadi kwake haikuwa kitu cha kuzungukwa.

Kwa hiyo sasa hakuhubiri. Alikifunga kitabu kilichokuwa mbele yake.

"Sawa," alisema. "Umeliruka."

Tangu hapo aliacha yote yaliyochapwa, akajenga mahandaki yake mwenyewe, jiwe kwa jiwe, kichwani. Anayeongoza ana haki hiyo. Ni haki ya zamani katika michezo ya aina hii, na wavivu ndio huisahau.

Kwenye bahasha, mtengeneza mishumaa kipofu aliyewaongoza njia alikuwa msaliti, na nahodha wa walinzi alikuwa rafiki wa kweli. Piers, ambaye katika mchezo alikuwa mwizi aitwaye Korvo, aliinama mezani akanong'ona.

"Jamani, huyu kipofu simwamini. Namsukuma kisimani."

"Heh! Mzee wa watu amekukosea nini?" aliuliza Sameena Akhtar, muuguzi, ambaye mhusika wake alikuwa tabibu. "Si ametugawia mkate sasa hivi?"

"Niamini, dada. Nina hisia."

"Hisia zako hizohizo zilitununulia farasi kilema."

Dougal, dereva wa lori la maziwa, alicheka mpaka chai ikamwagikia suruali. Lakini Piers hakurudi nyuma, na Korvo akasukuma.

Hedley aliinama mbele juu ya kikingio.

"Mnasikia maji," alisema. "Kisha, kutoka chini kabisa, mnamsikia kipofu akiimba. Ni wimbo ambao Malkia wa Chumvi humwimbia mwanawe tu. Mishumaa yote inazimika. Nahodha wenu anachomoa upanga, na ncha yake inawaelekea ninyi."

"Mama yangu!" Dougal alisimama, kiti kikaanguka. Kishindo kile kiliwavuta watu waliokuwa chini wakipekua rafu. Mama mmoja na binti yake wenye makoti ya mvua, pamoja na wanafunzi wawili wa chuo, walipanda ngazi wakasimama mlangoni.

"Najitupa kisimani kumfuata," alisema Sameena.

"Unahitaji kumi na sita au zaidi kwenye dadu."

"Nikikosa?"

"Unazama. Wala sitaficha." Hedley alikikunja kikingio akakiweka sakafuni. "Rusha katikati, wote waone."

Sameena alichukua dadu yake ya pande ishirini, ambayo hakumruhusu mtu mwingine kuigusa, akaipulizia, akairusha. Ilizunguka kando ya sahani ya biskuti, ikasita, ikalala.

"Kumi na saba!" alipiga kelele binti wa mlangoni, kabla ya wenye mchezo wenyewe.

Meza ililipuka kwa shangwe. Hedley alingoja watulie. "Unamvuta juu, anatapika maji. Kisha anafumbua kiganja. Ndani yake mna ufunguo."

"Siyo!" Piers aliruka. "Ufunguo anao nahodha! Haikuandikwa hivyo!"

Sameena aliiweka dadu yake chini.

"Haya, wakili," alisema Sameena polepole. "Iliandikwaje?"

Piers alitazama dari, dari haikumsaidia. "Nilinunua sanduku langu mtandaoni. Ni rahisi mno huko, na lilifika mapema. Nikafungua bahasha. Kidogo tu."

"Kidogo tu!" Dougal alisema. "Kama kuchungulia bafu la watu kidogo tu!"

"Msinitazame hivyo. Sameena mwenyewe aliniuliza nimenunua wapi."

"Niliuliza," alikiri Sameena, uso umemwiva kwa aibu. "Nilitaka kuagiza leo."

"Huko ulikonunua, Piers, kuna meza?" aliuliza Hedley. Hakupaza sauti, hakuwahi kuhitaji. "Kuna mtu aliyekuwekea kiti, akakuchemshia maji, akakuvumilia ulipokuwa hujui hata kusubiri zamu yako? Ulinunua karatasi. Nami nimeibatilisha mbele yako, wala sikutoka jasho. Mchezo wenyewe uko hapa, na hapa pana mwenyewe."

"Basi nitashuka ninunue jingine."

"Hununui," ilisema sauti ya Bronagh. Alikuwa amesimama nyuma ya wageni na birika mkononi. "Unalo tayari. Mimi si ombaomba."

Piers aliketi chini kama gunia. Wote walimgeukia Hedley, naye akasimama, akashusha koti lake vizuri.

"Aliyevunja lakiri haichezi safari hiyo tena," alisema. "Huiongoza. Jumatano utakaa kwenye kiti hiki, na siri ulizozitamani utazitunza wewe."

"Niwaongoze akina nani? Ninyi mko katikati ya safari."

Binti wa koti la mvua aliinua mkono kama yuko darasani. "Sisi."

"Wewe mtoto, hata vifaa hatuna," alisema mama yake, ingawa macho yake yalikuwa bado kwenye dadu.

"Viko dirishani," alisema Bronagh.

Wanafunzi wale wawili walikuwa wamekwisha kushuka nusu ya ngazi. Mama na binti wakawafuata. Sameena naye akainuka, akimvuta Dougal kwa mkono wa sweta. "Twende, nisije nikakosa. Langu nalitaka na lakiri yake."

Hedley alibaki juu na Piers. Kutoka chini walisikia masanduku yakiburuzwa dirishani, kisha simu ikalia, kisha Bronagh akajibu kwa sauti ambayo mtaa mzima ungeweza kuisikia.

"Hapana, bwana. Tafuta pengine pa kuweka magodoro yako. Chumba kina watu."

Hedley aliokota kikingio sakafuni, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakisimamisha mbele ya kijana.

"Keti wima," alisema. "Anayeongoza hajikunji."