Mukaba ya Kamyo ya Kasenga

Siku ya tatu ya juma, tarehe 23 ya mwezi wa kwanza, mwaka 1952, saa tatu ya asubui, mukaba ya nyuma ya kamyo, ile mukanda ya kushika bantu, ilitoka ku daraja ya Naviundu, na bibi yangu Wivine, mwenye nilioa, akaanguka mu barabara. Bantu batatu balianguka. Babili balivunjika mikono. Wivine alianguka na kichwa, akafa. Alikuwa anaenda Kasenga kuangalia mama yake mugonjwa, na alikaa nyuma kabisa, bega yake ku mukaba, kwa sababu ndani ya kamyo kulinuka samaki.

Ile saa miye nilikuwa ku kazi. Nilikuwa nashona mikaba.

Ninaitwa Kapya Liévin. Ku masomo nilifika mwaka ya tatu, kisha bazungu balisema inatosha kwa muntu wa kushona. Beye njo banajua akili ya mutu mweusi inaisha wapi. Basi nitaandika gisi ninasema, na mwenye atacheka acheke.

Ateliye yetu ilikuwa nyuma ya gare, fasi treni zinasimama. Tulishona bashi, ile kitambaa kigumu ya kufunika kamyo, tulishona biti bya kukalia bya mabehewa, na tulishona mikaba minene yenye inafunga nyuma ya kamyo kusudi bantu basianguke. Mukaba inashonwa juu ya bashi, mara sita ao mara nane ya kitambaa, moja juu ya ingine. Pale njo unajua mashini ni mashini ao ni kelele tu.

Tulikuwa na moja ya zamani, tuliiita Muzee. Mukono yake murefu, gurudumu yake nzito, unaikanyaga na miguu yako mwenyewe. Mashini ingine inavuta kitambaa na meno ya chini tu, na kitambaa ya juu inabakia nyuma. Muzee hapana. Mguu yake ya juu, kile chuma inabana kitambaa, ilikuwa inatembea pamoja na meno ya chini, top, top, top, sawa muntu anapanda mulima na muzigo. Ilikula uzi ya kitani, nene, yenye tulipakaa nta. Mishono ine tu mu upana ya kidole gumba. Bantu banafikiri mushono mufupi njo nguvu. Ni bongo, si kweli. Mu kitambaa nene mushono mufupi ni matundu karibu-karibu, sawa timbre ya posta, ile inabandikwa ku barua: unavuta, inapasuka ku mustari.

Mu mwezi wa kumi na moja, 1951, mukubwa wetu muzungu alileta mashini mbili ya kujaribu. Shiye tulimuita Bwana Kipimo, juu alitembea na rula mu mufuko, alipima hata mukate. Mashini moja ilikuwa ya mguu yenye inatembea, sawa Muzee lakini mupya. Ya pili ilikuwa nyepesi, na motere ya umeme.

Chola, fundi mwenye alikaa karibu na miye, aliangalia ile ya motere inakimbia akasema: "Eh! Hii inakimbia sawa mulevi ameona polishi."

"Jaribu weye wa kwanza, Tata Kapya," Rigobert akasema. Rigobert ni kapita wetu, musimamizi wa kazi, muntu mweusi sawa shiye, lakini alivaa saa.

Nilijaribu ya mguu. Ilipita muzuri. Kisha nikajaribu ya motere, mara nane ya bashi. Ikapita pia! Shindano ya kushona haikuvunjika. Bwana Kipimo alikuwa anaangalia saa, na uso yake ikacheka.

"Kapya, inapita ao haipiti?"

"Inapita, Bwana. Lakini ile ingine..."

"Hapana lakini. Inapita?"

"Inapita."

"Rigobert, andika. Kapya anasema inapita."

Kuko kintu moja hatukumuambia, na si kwa kumuficha. Mbele ya kushona fasi nene, shiye wote tunapakaa sabuni kavu ku mustari. Kila mutu na kipande ya sabuni ya posho yake. Shindano inapita mu sabuni sawa mu siagi, haipate moto, uzi haikatike. Mukono inafanya ile yenyewe, sawa unatia mate ku uzi mbele ya kuingiza mu tundu ya shindano. Nani anaenda kuambia mukubwa kama anatia mate ku uzi? Ile siku pia nilipakaa. Bwana Kipimo alikuwa anaangalia saa, hakuangalia mukono.

Mbele ya mwezi kuisha, mashini mbili ya motere zikafika. Muzee balimupakia mu behewa, balisema anaenda Jadotville. Ilikuwa siku ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, ninakumbuka juu Chola alimuaga: "Enda muzuri, Muzee, ukapate wali kule, huku ni bukari ya unga tu." Shiye tukacheka. Mu zile mupya, namba ine ikakuwa yangu, namba tano ikakuwa ya Chola.

Siku tatu nyuma yake Bwana Kipimo akaona alama nyeupe juu ya bashi.

"Hii nini?"

"Sabuni, Bwana," Chola akasema.

"Sabuni ya nani?"

Kama unasema ya kampani, weye mwizi. Kama unasema ya posho, basi posho yako ni mingi, batapunguza. Bwana Kipimo akasema sabuni marufuku mu ateliye. Toka ile siku Rigobert alitupapasa mifuko ku mulango asubui, sawa tunaingiza baruti.

Kisha sabuni kuisha, mashini ikakataa. Shindano inapata moto, inavunjika, uzi ya kitani inakatika-katika. Rigobert akaleta shindano ndogo na uzi ya pamba, akafinya mushono ikakuwa mufupi. Hapo ikapita.

Nilimufuata. "Tata Rigobert, hii shindano ni ya mashati. Hii mushono itapasua mukaba."

"Weye njo ulisema inapita."

"Nilisema na sabuni!"

"Mu buku hakuna sabuni, Tata. Kuko jina yako."

Nilirudi ku kiti yangu. Ni hapa banaweza kuniuliza: mbona ulirudi? Nilirudi juu nilikuwa na bibi na nyumba ya kampani, na mutu mwenye anafukuzwa ku kazi, anafukuzwa na mu nyumba. Wivine nilimuambia mangaribi, akasema: "Mume wangu, sema tena kesho." Sikusema tena.

Nyuma ya kifo ya Wivine, nilienda ku biro, chumba ya kazi ya Bwana Kipimo. Sikuomba kitu. Nilisema tu: nataka kuona mukaba. Fundi anasoma mushono sawa padiri anasoma kitabu. Kila mutu iko na gisi yake ya kufunga kona: miye ninarudisha shindano mara tatu, Chola mara mbili. Nilitaka kujua kama ni mukono yangu njo iliangusha bibi yangu. Hakuna kingine nilitaka, na mpaka leo hakuna kingine ninataka.

Bwana Kipimo alifungua buku yeye mwenyewe. Alinisomea: mukaba ya kamyo ya Kasenga, tarehe 13 ya mwezi wa kumi na mbili, siku ya ine, mashini namba ine, Kapya.

"Bwana, ile juma nilikuwa Karavia. Ulinituma mu nyumba ya direkta, kubadilisha kitambaa ya biti byake."

"Ulirudi siku ya ine."

Ni kweli nilirudi siku ya ine. Lakini asubui ao muchana? Kule Karavia nilikaa mu ile nyumba nakokota velure, kitambaa laini, juu ya biti, misumari mu kinywa, na siku zilifanana. Rigobert, gisi yake, anaandika jina ya mwenye mashini, hata mwingine njo amekaa pale. Hii kila mutu mu ateliye anajua.

Kisha Bwana Kipimo akatosha mukaba mu sanduku, akaweka juu ya meza. "Angalia. Mukono ya nani?"

Niliangalia. Ku kona, shindano ilirudi mara tatu. Ilikuwa mukono yangu.

Lakini vidole haviachi kazi, hata mutu analia. Vidole vyangu vilipita juu ya mushono vikahesabu: ine mu kidole gumba. Uzi ya kitani. Nta. Nikageuza mukaba: safi, kavu, hakuna tope hata kidogo. Na ile siku ya Naviundu mvua ilikuwa imenyesha toka alfajiri, Wivine balimuleta amejaa tope mpaka mu nywele. Uzi haikuchanika. Ilikatwa, moja kwa moja, na kisu.

"Bwana, hii ni kazi ya Muzee."

"Muzee nani?"

"Mashini ya zamani. Buku inasema tarehe kumi na tatu. Muzee alienda Jadotville ku mwanzo ya mwezi. Kama buku iko kweli, hii mukaba si yenyewe. Kama hii mukaba njo yenyewe, buku inasema bongo."

Rigobert alikuwa amesimama ku mulango. Aliangalia dirisha.

Bwana Kipimo alichukua mukaba polepole, akairudisha mu sanduku. "Kapya, weye iko na huzuni. Rudia ku nyumba, pumuzika siku mbili." Alisema na sauti ya pole. Ile pole njo iliniogopesha. Toka nilianza kazi pale hakuna siku alinipa pole.

Sikuenda ku nyumba. Nilienda ku fasi kamyo zinalala. Mukaba ikitoka, inaacha matundu ku bashi yenye ilishonwa nayo. Matundu hayawezi kufichwa mu sanduku. Nilisema nitahesabu: kama ni ine mu kidole, Bwana Kipimo iko na haki na miye ni wa kulaumu. Kama ni kumi, ni ile mashini yao. Na ku kona nitaona mara tatu ao mara mbili.

Kamyo ilikuwa pale. Bashi yake ilikuwa mupya, ingali inanuka mafuta.

Shofere wake, Donat, alikuwa anaosha magurudumu. Aliponiona aliacha maji. "Pole, yaya, kaka yangu. Miye sikukimbiza, naapa kwa Mungu. Nilikuwa polepole ku daraja."

"Sikukuja kwa ile. Bashi ya zamani iko wapi?"

"Balitosha, bakaipeleka."

"Nani?"

Akaangalia nyuma yake. "Kapita yenu. Na bantu babili. Ile siku yenyewe, saa sita. Polishi balifika saa nane, bakakuta hii mupya. Bakaandika bashi iko muzuri, shofere njo mubaya. Miye sasa ninangojea kufungwa, yaya. Na bibi yako alilipa fasi yake, alikuwa anaimba..." Akarudia kuosha gurudumu.

Nilimuuliza Rigobert mbele ya bantu bote. Akasema bashi yenye kuharibika inachomwa, ni sheria ya kampani. Nikauliza nani alitoa amri ya kuichoma mbele ya polishi. Akasema: "Tata, enda uulize benye kutoa amri." Nikauliza Bwana Kipimo. Akasema yeye hajui mambo ya bashi ya zamani, ile ni kazi ya kapita. Nikamuandikia direkta wa Karavia. Bakanijibu kama direkta ameenda Ulaya. Kila mutu ananionyesha mulango ya mwenzake.

Chola nilimuuliza ku nyumba yake, mu Kamalondo. Bibi yake alinipa kiti, akatoka.

"Chola, ile juma ya Karavia, ulikaa ku namba ine?"

"Nilikaa. Namba tano ilikuwa imevunjika shindano zote."

"Siku ya ine pia?"

"Kapya, mi nilikaa mupaka ulirudi. Weye uliporudi nilisimama. Saa ngapi ulirudi?"

"Weye njo niambie."

"Mi sikuvaa saa. Miye si Rigobert." Alitaka kucheka, ikakataa. Kisha akasema: "Na kama ni miye, unataka nifanye nini? Nimeweka shindano yao, nimetia uzi yao." Niliangalia uso yake. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa uso ya mutu hajui, ao uso ya mutu anajua sana. Na yeye pia alikuwa ananiangalia vile vile.

Kwetu mutu akifiwa na bibi, familia ya bibi njo inamufungula. Banamuosha, banamukata kamba nyeusi ya mukono, banasema: enda, huna deni na mufu wetu. Mbele ya ile hauwezi kuoa, hauwezi kucheza ngoma, hata sahani yako banaiweka pembeni. Padiri anasema ni mambo ya bapagano. Lakini si padiri anakula na sahani ya pembeni.

Nyuma ya mwaka nilienda Kasenga na nguo na kuku. Madeleine, yaya wa Wivine, dada yake mukubwa, njo alisimama. Alikuwa muntu wa kucheka na miye zamani, aliniita "bwana yangu kidogo." Ile siku hakucheka.

"Shemeji, hatusemi weye mubaya. Tunauliza kintu moja tu. Ile mukaba, ilishonwa na mukono ya nani?"

"Baliniletea mukaba ya bongo, Mama Madeleine. Bashi balichoma. Buku..."

"Sikuuliza buku. Ukisema ni yako, tutalia pamoja na weye, tutakufungula leo. Ukisema ni ya mwingine, tutakufungula leo. Lakini sijui, hapana. Mufu hawezi kulala juu ya sijui."

Niliangalia kuku. Ningeweza kusema yangu, na ningelala mu nyumba yao ile usiku. Ningeweza kusema ya Chola; nani angekataa? Lakini kama ninasema bongo juu ya mwili ya Wivine, mi na Bwana Kipimo tuko na tofauti gani?

Nilisema: "Sijui."

Alinirudishia nguo. Madeleine alibakia na kuku, juu haikuwa adabu kurudisha kuku.

Sasa ni mwaka ya tatu. Bwana Kipimo balimuongeza cheo. Rigobert iko na velo, baisikeli mupya. Donat alifungwa miezi sita. Namba ine ingali pale, na sabuni ingali marufuku, na kila asubui kamyo zinapita barabara ya Kasenga na bamama nyuma, mabega yao ku mikaba. Miye na Chola tunakaa karibu, tunashona, hatuongee. Ile siku ya ine, tarehe 13, nani alikuwa amekaa ku namba ine?