Mapaa ya Fundi Kibwana

Mwaka wa hamsini na tatu, serikali ilipojenga nyumba mpya za watumishi nyuma ya boma la Kisarawe, kazi ya kuezeka alipewa fundi Kibwana Kondo, na hakuna aliyeshangaa. Mapaa mengi ya bati, kuanzia hapo hadi Maneromango, yalikuwa yamepita mikononi mwake. Watu walisema ukilala chini ya bati la Kibwana utaisikia mvua tu, hutaiona.

Aliyetumwa kuzikagua kabla hazijakabidhiwa alikuwa Mwishehe Pazi, mkaguzi wa idara ya majengo, mzaliwa wa Sofu. Useremala alikuwa amejifunza kwa huyo huyo Kibwana, na baadaye akamwoa binti yake, Zena. Mzungu wa idara hakujua habari za ukwe huo, na Mwishehe hakuona sababu ya kumwambia. Alidhani atapanda, atashuka, ataandika kwamba kazi ni njema.

Alianza na nyumba ya mwisho, upande wa bondeni, ambayo tayari ilikuwa na watu. Wilbrod, dresa aliyefunga vidonda katika zahanati, alikuwa amehamia mapema pamoja na mkewe Redempta kwa ruhusa ya boma, kwa sababu chumba walichopanga kilibomoka ukuta. Redempta alikuwa ametoka kujifungua. Alimkaribisha Mwishehe ndani, akamwonyesha mahali ambapo sakafu ilikuwa haikauki.

"Ni hapa tu," alisema kwa haya, kana kwamba kosa ni lake. "Labda nyumba mpya huwa hivyo mwanzoni."

Dari ilikuwa bado kuwekwa. Mwishehe akainua uso, na hapo akaiona misumari. Msumari wa bati ukipigwa sawasawa huwezi kuuona ukiwa ndani ya nyumba. Unazama katika papi, ile mbao inayolibeba bati. Hii ilikuwa imepita pembeni. Ncha zake zilitokeza mstari mzima kando ya mbao, hazikushika chochote.

Akaweka ngazi, akapanda. Huko juu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mabati yalipandana kwa upana wa vidole viwili tu. Misumari mingine ilipigwa bondeni mwa bati, maji yanapopita, badala ya mgongoni. Alishika ukingo wa bati moja akalivuta, likainuka bila ubishi kama mfuniko wa sufuria.

Akazikagua nyumba zote. Zote zilikuwa hivyo. Wala hakuona dalili ya wizi: mbao zilikuwa zile zile zilizoagizwa, na misumari ilikuwa mingi kupita kiasi, mingine mitatu mitatu mahali pamoja, kama kazi ya mtu anayepapasa.

Wilbrod alimkuta uani akikunja futi yake.

"Vipi, bwana mkaguzi? Tuko salama?"

"Kuna kazi ndogo imebaki," Mwishehe alijibu. "Mafundi watarudi."

Nyumbani alimkuta Zena anapepeta mchele. Alikaa kwenye kigoda, akavua viatu.

"Mama Tatu," alisema, "baba anaona?"

Ungo ukasimama mikononi mwa Zena. Hakuinua kichwa.

"Tangu lini?" Mwishehe akauliza tena.

"Tangu mwezi wa mfungo mwaka jana. Lilianza jicho la kushoto. Aliniapisha nisimwambie mtu, hata wewe."

"Na wasaidizi wake?"

"Nani atamtamkia? Yeye ndiye aliyewafundisha kushika nyundo. Wanampangia bati, yeye anapiga. Wakiona amekosea wanageuza uso. Wanasema ndiyo heshima."

"Nikiandika nilichokiona, amekwisha."

"Basi usiandike bado." Zena akaweka ungo chini. "Kamwambie wewe kwanza, Baba Tatu. Asije akaambiwa na Mzungu mbele za watu. Mpe nafasi arekebishe."

Mwishehe alitazama nje. Upande wa Pugu mawingu ya masika yalikuwa yameshajikusanya, meusi, yamelala juu ya msitu. Akasema sawa.

Kesho yake asubuhi alimkuta mkwewe barazani, amekwisha kuvaa nguo za kazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia umeanza kukagua. Wanasemaje huko?"

Mwishehe alieleza kwa maneno ya kuzunguka zunguka, maana mkwe hasemwi hivi hivi. Alitaja mabati yasiyopandana vizuri, akataja misumari iliyokosa mbao. Hakutaja macho. Mzee Kibwana alisikiliza, mkono wake ukipapasa mpini wa nyundo.

"Mbao za siku hizi mbichi," alisema. "Zinapinda zikikauka, msumari unabaki nje. Lakini usitie shaka. Twende ukaone ninavyopiga."

Waliingia katika nyumba iliyokuwa tupu, jirani na ya Wilbrod. Mzee alipanda ngazi bila kusaidiwa, akang'oa misumari ya bati moja, akalilaza upya. Mwishehe alibaki ndani, macho juu.

Msumari wa kwanza uliingia kwenye mbao. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kutulia. Wa pili ukatoa sauti nyembamba, na ncha ikachomoza kando ya papi.

"Umeshika?" mzee akauliza kutoka juu.

Mwishehe aliitazama ncha ile.

"Mwishehe. Umeshika?"

"Haujashika, baba."

Nyundo tena, sauti ile ile nyembamba, na ncha nyingine. Safari hii mzee hakuuliza. Akapiga mwingine, na mwingine, taratibu, kila mmoja kama anaubembeleza, na yote ikachomoza hewani. Mwishehe aliyafumba macho yake mwenyewe ili asiendelee kuona.

Mzee alishuka akikitafuta kila kidato cha ngazi kwa unyayo. Akaketi kizingitini.

"Sauti naisikia," alisema. "Siku zote nilikuwa naisikia. Nilijiambia ni mbao mbichi."

"Baba, lazima niandike leo."

"Utaandika. Lakini nipe leo hii niongee na wale vijana wangu, wasiyapate mambo haya barabarani. Nataka wayasikie kinywani mwangu. Kesho uandike."

Mtu aliyekufundisha kazi, akakupa na mkeo, akikuomba siku moja, utamnyima kwa lugha gani? Mwishehe alikubali.

Alipotoka alipita mbele ya nyumba ya mwisho. Redempta alikuwa anaanika nepi za mtoto, akamwamkia. Mwishehe alisimama. Ilimjia kumwambia achukue mtoto waende wakalale kwa jamaa hata kama ni kubanana. Lakini angeuliza kwa nini, na jibu lingekuwa limefika sokoni kabla ya adhuhuri. Akaitikia, akauliza hali ya mtoto, akaenda zake.

Upepo ulikuja alasiri, ukipanda kutoka bondeni, na mvua nyuma yake. Kwa nyumba nyingine za mji ulikuwa upepo wa kawaida wa masika. Pale kwa Wilbrod mabati yalianza kupigapiga. Redempta alimnyakua mtoto kitandani akakimbilia mlangoni. Bati la ukingoni liling'oka upande mmoja, likapinda, likashuka na ukali wake wote. Aliinua mkono wa kulia kumkinga mtoto. Mtoto hakuguswa.

Wilbrod aliitwa kutoka zahanati, akamfunga mkewe kidonda kwa mikono yake mwenyewe, naye alikuwa amekwisha kuona kwamba mishipa ya kifundo cha mkono imekatika. Vidole vya mkono ule havikukunjika tena.

Mwishehe aliandika jioni ile ile. Mzungu wa idara alikuja, akatazama juu, akaamuru mapaa yote yashushwe na mafundi wengine waletwe kutoka Dar es Salaam. Kisha akamuuliza Mwishehe kwa nini, baada ya kuyaona yale, hakuwatoa watu ndani. Mwishehe akaondolewa kwenye ukaguzi, akarudishwa kwenye meza ya useremala.

Wiki ile Mzee Kibwana alimtaka Zena ampeleke kwa Redempta. Mwishehe aliwafuata nyuma. Walimkuta amekaa mkekani, mtoto mapajani.

"Shikamoo, babu," Redempta alisema.

Mzee hakuitikia marahaba. Aliinama akapapasa mkeka mpaka akaketi, akasema, "Mwanangu, uniwie radhi, nipe mkono wako."

Redempta alimtazama Zena, kisha akaunyosha mkono uliofungwa bandeji. Mzee aliupokea kwa viganja viwili. Alipita kidole hadi kidole, akivijaribu polepole kama alivyozoea kuipima mbao kabla ya kuikata, na vidole vikalala tu, havina nguvu. Aliporudia mara ya pili, machozi yalikuwa yameshashuka mashavuni.

"Nisamehe," alisema.

"Nimesamehe, babu," Redempta akajibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Haikupita muda mzee akahamia Gwata kwa dada yake, Mwanamvua. Hakutaka kubaki mahali ambapo kila mvua ikinyesha watu watatazama juu. Zena aliendelea kumpikia mumewe na kumlea Tatu, ila mazungumzo baina yao yakawa ya chumvi na kuni tu. Mara moja, wakiwa wanakula, alisema, "Mimi ndiye niliyekuambia usiandike." Mwishehe alisema, "Na mimi ndiye niliyenyamaza." Hawakuligusa tena jambo hilo.

Nyumba ziliezekwa upya, na hazikuvuja. Wilbrod na Redempta walirudi katika ile ile ya mwisho. Mwishehe alipokuwa akipita kwenda kazini, Redempta alimwamkia kwa upole kama zamani, mtoto amempakata kwa mkono wa kushoto. Naye Mwishehe akawa anatafuta njia nyingine ya kupita, ijapokuwa ilikuwa ndefu, ya kuzunguka nyuma ya boma.