Ujumbe Mtupu wa Bibi Fruma

Bibi yangu Fruma alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko yote, nalo ni "nu". Wazee wetu waliotoka Ulaya walikuja nalo Tel Aviv, na sisi wajukuu tumelirithi pamoja na pua. Ni "enhe?", ni "vipi tena?", ni "kula basi, unangoja nini?" Kunikumbusha mimi Osnat kwamba sijaolewa, bibi hakuwa na haja ya hotuba. Alisema "nu?" tu, na mimi nikachafuka roho kutwa nzima.

Sauti hiyo iliingia kwenye programu yetu kwa bahati. Mimi na mwenzangu wa kazi, Zohar, tulikuwa tumejibana chumba cha nyuma nyumbani kwa mjomba wake, tunatengeneza Karov, maana yake kwa Kiebrania ni karibu. Zama hizo ukitaka kumwandikia mtu kwa kompyuta ulimtumia barua pepe, kisha ukakaa hujui kama yupo au kaenda sokoni. Karov ilikuonyesha orodha ya rafiki zako, na aliyekuwepo jina lake liligeuka kijani. Unamwandikia, anaona papo hapo. Asipokuwepo, ujumbe unamngoja mpaka arudi. Leo utasema ni jambo dogo. Sisi tulipoona jina la kwanza likigeuka kijani tulirukaruka mpaka mjomba akagonga ukuta.

Kilichobaki kilikuwa mlio wa kumwambia mtu kwamba ameandikiwa. Zohar alijaribu kengele, filimbi, hata chura. Kinasa sauti chake kikiwa kimewashwa, bibi yangu, aliyekuja kutuletea chakula, akachungulia mlangoni na sufuria ya kabichi, akatuona tumekodolea macho skrini, akasema: "Nu?" Tulipoisikiliza tena sauti ile tulicheka hadi machozi, na mlio tukawa tumeupata. Watu wakaupenda, wa Haifa kwanza, kisha wa nchi ambazo hatujawahi kuzikanyaga. Wala hawakujua kwamba ni bibi wa Givatayim, kando ya Tel Aviv, anayewauliza kama wamekula.

Kisha bibi akaugua koo, na madaktari wakamtoa sanduku la sauti ili aishi. Akaishi. Lakini simu yake ya kila asubuhi, ile niliyokuwa nikiinung'unikia, ikanyamaza, na kimya hicho kikaniuma vibaya. Hospitali walimpa kibao cha kuandikia. Akakitupa juu ya friji, akanionyesha kwa mikono kwamba yeye si mtoto wa darasa la kwanza.

Basi nikampelekea kompyuta yenye Karov, nikamfundisha kubonyeza jina langu. Kuandika hakutaka kabisa. Asubuhi moja nikiwa kazini, kompyuta yangu ikasema "nu?" Nikafungua, ndani hamna kitu, hata nukta. Ikasema tena. Nikaelewa, nikalia palepale. Bibi alikuwa amegundua kwamba akituma bila kuandika chochote, sauti yake ya zamani inatoka upande wangu. Alikuwa ananiita. Nikamjibu kwamba nimekula mayai.

Tukaenda hivyo mpaka wakati wa toleo jipya. Watumiaji walikuwa wameongezeka ajabu, seva zinahema, na Zohar akaanza kukata kila kisichohitajika. Kumbe watoto wa dunia nzima walikuwa wanabonyeza hovyo na kutuma ujumbe usio na neno hata moja. Zohar akauzuia. Ukijaribu, unaambiwa: "Ujumbe mtupu hauwezi kutumwa."

Toleo lilipotoka, kompyuta yangu ilikaa kimya. Jina la bibi likawa kijani, kisha likazimika. Nikakimbilia Givatayim. Nikamkuta jikoni, jiko baridi, na kompyuta kaifunika shuka, vile sisi Wayahudi tunavyofunika vioo penye msiba. Alikuwa amenyang'anywa sauti mara ya pili, na safari hii ni sisi tuliomnyang'anya.

Nilirudi kazini nimepandwa na mori. Zohar hakuwa mtu mbaya, ni kichwa kigumu tu. Alilelewa kwenye kibbutz, kijiji cha ujamaa, kule watoto walikula pamoja kengele ikilia, na ule usile hakuna wa kukufuatilia. "Nu" zilikuwa zinalia kutwa ofisini, angejuaje ipi ni ya nani? Nilipomweleza alikuna kichwa, akaona huruma, lakini akakataa.

"Osnat, mwenzangu, bibi nampenda. Lakini siwezi kutwisha seva mzigo wa ujumbe usio na kitu ndani."

"Kamwambie mwenyewe," nikamjibu. "Mimi sina uso huo."

Akaenda kweli, nami nikamfuata. Bibi alipomwona aliwasha jiko, akampakulia supu ya kuku kabla hajafungua mdomo, maana hasira ni hasira na mgeni ni mgeni. Zohar akala huku akieleza: seva, watoto watundu, ujumbe mtupu hivi, ujumbe mtupu vile. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakishusha kile kibao kutoka juu ya friji, akakipangusa vumbi kwa mkono wa gauni, akaandika polepole kwa herufi zilizopinda, akamgeuzia.

"Nani mtupu?"

Zohar aliweka kijiko chini, masikio yamemwiva. Akaomba radhi, akamaliza supu kwa sababu bibi alimnyooshea kidole kwenye sahani, akarudi kazini.

Kesho yake ujumbe wa bibi ukawa unapita tena. Wale watoto Zohar aliwatafutia dawa yao, anayetuma kwa fujo anangojeshwa. Na ndani ya programu, pale tunapoachiana maelezo ya kazi, akaandika: "Usiguse hapa. Ujumbe huu hauna herufi, lakini si mtupu."

"Nu?" ikasema kompyuta yangu. Nikajibu nimekula, moyo wangu mweupe.

Mara kompyuta ya Zohar nayo ikasema: "Nu?" Akafungua, hamna kitu. Bibi alikuwa amemtia kwenye orodha yake. Zohar akaandika kwa kidole kimoja, yeye anayeandika haraka kuliko sote: "Bado, Bibi."

Hata hajakaa sawa, ikamuuliza tena: "Nu?"

Akasimama, akachukua koti lake. Nikamuuliza anakwenda wapi na seva zinahema namna ile.

"Kula," akasema, akaniachia seva zote.