Mume Aliyesimama Mbele ya Picha

Siku ambayo jumba la sanaa lilifungwa ili lisafishwe, mlango wa pembeni ulifunguliwa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Alikuwa fundi wa lifti mstaafu, mgane, aliyevaa koti alilonunua kwa ajili ya harusi ya binti yake na viatu vilivyombana mpaka akatembea kwa adabu asiyokuwa nayo.

Watu walivuka bahari kuja kuliona jumba lile. Yeye aliishi vituo vichache tu vya basi kutoka hapo na hakuwahi kulikanyaga. Mkewe alitembeza wageni humo tangu ujana wake hadi maradhi yalipomlaza. Kila mwaka wafanyakazi walipewa siku ya kuleta jamaa zao, na kila mwaka mke alimwambia, "Twende basi, mara moja tu." Kila mwaka fundi alikuwa na lifti iliyokwama mahali. Nyingine zilikwama kweli. Nyingine, tuseme ukweli, zilikwama mdomoni mwake. "Picha za ukutani hata hapa nyumbani zipo," alizoea kusema, kisha akacheka peke yake.

Halafu mke akaacha kumwomba. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi tangu mazishi. Aliacha kwa sababu alimsamehe, au kwa sababu alimkatia tamaa? Wa kumuuliza alikuwa ameshazikwa.

Waliofanya kazi na marehemu ndio waliojitolea kumpitisha mzee njia ileile ya mkewe, picha kwa picha. Kazi ikamwangukia msichana waliyemwita Kasuku, na jina hilo alilipata kwa haki. Pale watembezaji hawakufundishwa darasani. Mgeni wa kazi alimfuata mkongwe nyuma nyuma msimu mzima, mpaka maneno ya mkongwe yamwingie, na utani wake, na hata pale anapovuta pumzi. Kasuku alimfuata marehemu, akambeba mzima mzima.

"Karibu, baba," alisema. "Mama ndiye aliyenilea hapa. Nikikosea unisamehe."

"Mimi sijui kitu, mwanangu. Utakosea wapi?"

Walipita kumbi zilizonuka sabuni, ndoo na fagio zikiwa zimeegemezwa ukutani. Wakafika mbele ya ile picha maarufu iliyowavusha watu bahari, iliyofungiwa nyuma ya kioo.

"Ndiyo hii?" fundi aliuliza.

"Ndiyo hii."

"Mbona ndogo hivi?"

"Umekuja kuipima au kuiona?" Kasuku alijibu papo hapo, kisha akajiziba mdomo.

Fundi alitabasamu. Aliijua sauti hiyo. Nyumbani ndivyo alivyojibiwa kila aliponung'unikia kipande cha nyama.

Katika chumba cha nyuma, ambacho wageni wengi hukipita mbio wakitafuta mlango wa kutokea, Kasuku alisimama. Alikaza macho kwenye picha, na maneno yakaanza kutiririka yenyewe.

"Tusogee karibu. Mume na mke, meza moja, wanamenya viazi. Hakuna anayemtazama mwenzake. Wengi wakiwaona hawa husema wamenuniana. Lakini mume wangu, siku niliyomleta hapa, alisimama papo hapo ulipo wewe, akatazama weee, kisha akaniambia, 'Hawajagombana hawa. Wamezoeana tu.' Tangu siku hiyo mimi…"

Hapo ndipo alipoyasikia anayoyasema. Kasuku hakuwa na mume, hata wa dawa. Maneno hayo aliyapokea pamoja na mengine yote, na hakuyaondoa kwa kuwa wageni waliyapenda.

"Yarabi! Nisamehe, baba. Ni maneno ya Mama, nimeyazoea. Mume mwenyewe ni wewe."

"Si mimi," fundi alisema.

"Ni wewe, baba. Sisi sote tunajua ulikuja."

"Sikuja. Hata siku moja."

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kumbe miaka yote hiyo mkewe alisimama mbele ya watu baki akimpamba mume mwenye macho ya kuona, mume anayeitwa akaitika. Alimwonea wivu mwanamume yule, wivu wa kweli, na angekuwa mtu wa nyama na damu wangeshikana mashati.

"Alisema nilivaa nini?" aliuliza hatimaye.

"Ovaroli. Alisema ulitoka kazini moja kwa moja, mikono ina grisi, mlinzi akataka kukuzuia. Akifika hapo alikuwa anacheka mwenyewe."

Basi alikuwa yeye. Mkewe hakuwa ametunga mwanamume mwingine. Alimchukua huyuhuyu, na grisi yake na uchafu wake, akamleta. Fundi alilia bila kuficha uso, na Kasuku akamwacha alie.

Alipomaliza alijifuta kwa kiganja, akaisogelea picha. Aliitazama kwa muda mrefu, kama alivyozoea kuitazama mashine asiyoijua. Alitafuta ugomvi kwenye mabega ya yule mwanamke, hakuuona. Alitafuta msamaha, nao hakuuona. Alimwona mtu anayemenya viazi vya watu wawili. Pengine waligombana asubuhi ile. Pengine walikuwa wamezoeana tu, kama alivyosema yule wa ovaroli. Yeye hakujua, na sasa alielewa kwamba hatajua mpaka anakufa.

"Nitaiondoa hadithi hiyo, baba," Kasuku alisema kwa sauti ya chini. "Kuanzia kesho siisemi tena."

"Usiiondoe."

"Lakini si…"

"Waambie mumewe alikuja," fundi alisema, macho yake bado kwenye picha. "Ila usiwaambie lini."