Barua ya Kuomba Radhi

Shule ya kimataifa, eti! Bendera kumi na mbili zimepangwa getini, na wanafunzi karibu wote wanatoka mitaa mitatu ya jirani. Lakini ada yake, loo, ukiisikia unatafuta kiti kwanza. Mwalimu wa darasa la tatu asingeiweza hata angeuza kitanda anacholalia. Binti yake alisoma pale bure kwa kuwa ni mtoto wa mwalimu, na mtoto mwenyewe, miaka minane tu, aliipenda shule hiyo mpaka wikendi ilimchosha.

Jumanne, kipindi cha sanaa, mvulana mmoja alichukua mkasi akamkata msuko msichana aliyekaa mbele yake. Mwalimu alimwona kwa macho yake mawili, ila alikuwa mbali, hakuwahi. Mvulana alibaki anacheka.

Kwingine mzazi angeitwa, mtoto angeadhibiwa, basi. Hapa mkurugenzi alifunga mlango wa ofisi na kumkaribisha mwalimu chai, na mwalimu akajua mambo yameharibika. Walimu walimwita mkurugenzi huyo Mama Tabasamu, maana hajawahi kumfukuza mtu kwa sura iliyokunjwa.

"Baba wa kijana ana watoto wanne hapa," alisema. "Mama wa msichana naye ana marafiki, na marafiki zake wana watoto. Sasa mwalimu wangu, nimuudhi nani?"

"Lakini nilimwona, Madam."

"Kijana anasema aliyekata ni jirani yake wa dawati."

Jirani wa dawati alikuwa binti wa mwalimu.

"Mtoto aombe radhi kwa barua mbele ya wazazi, yaishe. Ni utoto tu. Nafasi yake iko palepale, nakuahidi mimi mwenyewe." Halafu akamsogezea fomu ya ripoti. Ilikuwa imeshaandikwa kwamba mwalimu wa zamu hakuona aliyeshika mkasi. Alipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa hivyo, na alijua, na bado akatia sahihi. Wapo watakaosema alibanwa. Mimi namlaumu.

Nyumbani alimkalisha binti yake mezani, karatasi na kalamu mbele yake.

"Mama, si ulimwona?"

"Nilimwona."

"Sasa mbona mimi?"

"Andika, mama. Ukiandika vizuri utabaki na wenzako."

Mtoto aliandika. Karatasi ya kwanza ililowa machozi, ikatupwa. Ya pili mwalimu aliisahihisha kwa kalamu nyekundu, jamani, kwa mtoto wake wa kumzaa! "Hapa umesema ulikuwa unacheza. Hawataamini. Sema ulimwonea wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wa nywele zake."

"Mimi nywele zake hata sizitaki!"

"Andika."

Kisha akamfundisha kuisoma: asimame wima, asikimbilie maneno, akifika kwenye "nisameheni" anyanyue uso awatazame.

Ijumaa asubuhi walikaa ofisini. Baba wa mvulana alikuwa na simu yake mkononi, mama wa msichana na kitambaa chake. Mtoto alisimama wima akasoma, sauti haikutetemeka, na kwenye "nisameheni" alinyanyua uso akawatazama mmoja mmoja. Mwalimu, Mungu amsamehe, alijisikia fahari.

Mama wa msichana alipangusa macho. "Kumbe ni wivu," alisema. "Yaani alikusudia. Halafu Jumatatu akae tena na mkasi nyuma ya mwanangu?"

Mkurugenzi aliichukua barua ile, akaisoma upya taratibu, akatabasamu. "Mzazi una haki. Nilidhani ni utoto, lakini hapa amekiri kwa mkono wake kwamba alikusudia. Kanuni zetu ziko wazi. Hatutaweza kuendelea naye."

"Madam, uliniahidi!" Mwalimu alikuwa ameshasimama. "Siyo yeye! Nilimwona aliyekata, ni huyu kijana wa..."

Baba wa mvulana aliinua macho kutoka kwenye simu kwa mara ya kwanza.

"Mwalimu," mkurugenzi alisema kwa upole, akimwonyesha fomu, "hii sahihi si yako? Hukuona kitu. Uchungu wa mzazi tunauelewa. Wewe bado tunakuhitaji. Una kipindi saa nne."

Nyumba ilikuwa ya kupanga na mshahara ulikuwa huo mmoja. Mwalimu akamshika mtoto mkono wakatoka.

Kwenye korido kengele ililia, madarasa yakamwaga watoto. Wawili walimpungia mkono binti yake, naye akawapungia. Kisha akamvuta mama yake sketi.

"Mama, nilikosea wapi kusoma?"

"Hukukosea," alisema mwalimu. "Ulisoma vizuri sana."

"Basi niisome tena. Waambie niisome tena."