Mstari wa Mbele wa Trela FC

Historia ya vilabu vikubwa huanza na kombe. Historia ya Trela FC ya Malaba ilianza na benchi moja, na benchi hilo lilitosha kabisa mpaka watu walipoanza kulinunua.

Mwenyekiti wa klabu, Olinga, kazi yake ilikuwa kukodisha mahema na viti vya matanga na harusi. Msimu ulipoanza alitangaza tikiti za msimu: ulipe shilingi mia tano mara moja, uketi kwenye mbao kila mechi ya nyumbani, badala ya kusimama ukila vumbi la malori yanayosubiri forodha. Benchi likajaa kwa siku mbili. Hapo Olinga akapiga hesabu, na hesabu ndiyo iliyomponza. Benchi jipya lingegharimu elfu nane, mbao za kutoka ng'ambo ya mpaka pamoja na malipo ya fundi Levis, nalo lingeingiza elfu kumi na tano iwapo kila kiti kingeuzwa elfu moja. Na kingeuzwa, kwa sababu kingekuwa cha mbele.

Ilibidi kiwe cha mbele. Nyuma kulikuwa na ukanda wa mita tatu tu, halafu makaburi ya ukoo wa Bwire, na mjane wa mzee Bwire alikuwa ameshasema kwamba ukanda ule ni nafasi ya wanawe siku zao zikifika, na atakayechimba shimo pale kwa ajili ya mpira atalazwa humo humo. Upande wa pili ilikuwa barabara na foleni ya trela. Basi uwanja ukapanuliwa kuelekea ndani ya uwanja.

Wa kwanza kununua kiti, benchi likiwa bado moja, alikuwa Gaudencia, mwenye hoteli ya samaki karibu na steji. Benchi la pili lilipowekwa mbele yake, akajikuta anatazama visogo. Akalipa nyongeza, akahamia mbele. Likaja la tatu, akahama. La nne, la tano, la sita, akawa anahama kama mtu wa Budalang'i anayefukuzwa na mafuriko, na kila alipohama alifuatwa na mke wa naibu chifu, mchungaji, na mwenye duka la simenti. Viti walivyoviacha viliuzwa upya kwa watu wa kawaida. Mabenchi yote sita yalikuwa ya kimo kimoja, maana Levis alisema ngazi hula mbao mara mbili.

Walionung'unika ni wachezaji. Brayo, winga wa kulia, alimwendea mwenyekiti kwa heshima zote.

"Boss, nikikimbia pembeni nakanyaga vidole vya wamama. Juzi nilipiga krosi, mchungaji akaidaka."

Olinga alimshauri ajifunze kucheza katikati.

Ndipo ikaja barua ya ligi. Mkaguzi angefika Jumamosi kabla ya mechi, na uwanja ambao upana wake haufiki mita arobaini na tano ungefungwa. Trela ingehamia Bungoma, na kila mwenye tikiti ya msimu angerudishiwa pesa zake. Olinga na Levis waliupima kwa kamba wakapata arobaini na tatu. Wakapima tena, polepole, kana kwamba uwanja ungejisikia vibaya na kujirekebisha. Arobaini na tatu. Pesa zenyewe zilikuwa zimeshageuka mbao, misumari na jezi, na hata kama Olinga angeuza mahema yake yote hazingetimia.

Dawa ilikuwa moja: kung'oa mabenchi mawili ya mbele na kuwarudisha nyuma waheshimiwa thelathini. Alhamisi Olinga alikwenda hotelini kwa Gaudencia, akaagiza samaki mkubwa kuliko njaa yake, akaeleza shida. Gaudencia alimsikiliza mpaka akamaliza, na samaki pia akamalizika.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi nimenunua mbele mara sita. Watu wakiniona nyuma, utawaambia nimefilisika ama nimekufa?"

Kutoka hapo alikwenda kwa mchungaji, ambaye alikubali kwamba wa kwanza watakuwa wa mwisho, kisha akafafanua kuwa maneno hayo yanahusu mbinguni.

Ijumaa Olinga alikuwa na kazi ya matanga huko Matayos. Alipanga viti vya plastiki mbele, karibu na jeneza, na kwa kukosa nafasi akaweka makochi nyuma kabisa, karibu na masufuria. Watu wakaanza kufika, na Olinga akasimama akiwatazama kama mwanafunzi aliyeonyeshwa jibu la mtihani. Diwani mmoja alipita viti vya mbele vyote bila kuvitazama, akaenda kuzama kwenye kochi kando ya moshi. Miaka ishirini Olinga alikuwa akikodisha viti, na hakuwahi kuona mheshimiwa akiketi kwenye plastiki penye kochi. Mheshimiwa hatafuti mbele. Mheshimiwa hutafuta penye kitambaa.

Jioni hiyo alikwenda kwa mjane wa Bwire. Hema halichimbi shimo, alimweleza. Kamba zake zitafungwa kwenye matairi. Mjane alifikiri, akakubali kwa siku za mechi tu.

Jumamosi saa sita mchana, ukanda wa mita tatu ulikuwa na hema jeupe, makochi kumi yenye vitambaa vya kufumwa, maji ya chupa na maua ya plastiki. Olinga akazungushia kamba. Kisha akapita mbele ya Gaudencia taratibu, akitazama pengine.

"Kule ni kwa nani?" Gaudencia akauliza.

"Kwa waheshimiwa, mama. Wewe keti tu hapo."

"Na mimi ni nani?"

Olinga hakujibu. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya kwa ajili ya klabu.

Gaudencia akasimama, akachukua mkoba wake, akavuka mabenchi yote na kuinua kamba. Mke wa naibu chifu alikuwa nyuma yake. Mchungaji alisema anakwenda kuwasalimia tu, hakurudi. Saa saba mabenchi mawili ya mbele yalikuwa matupu, na Levis akayaingilia kwa mtaimbo na nyundo, huku Brayo akichora mstari mpya kwa jivu.

Mkaguzi, dada mmoja mkimya aitwaye Maureen, alipima kwa utepe wa chuma. Mita arobaini na tano na kiganja. Akainama kutazama udongo mbichi kando ya mstari.

"Haya mashimo ni ya nini?"

"Fuko, dada," akasema Levis.

"Fuko wenu huchimba kwa mstari ulionyooka."

"Hapa mpakani hata fuko hupanga foleni."

Maureen hakucheka. Alisema ataamua baada ya kuona mashabiki wanavyoketi, na Olinga, jasho likimtiririka, akampeleka hemani. Akapewa kochi, maji na kitambaa cha kuwekea mkono. Mechi ikaanza. Mbele ya hema kulikuwa na mabenchi manne ya visogo, na hakuna aliyeona mpira. Kelele zilipolipuka, Gaudencia alimwuliza aliye mbele yake kuna nini, yule akamwuliza wa mbele yake, na jibu likarudi benchi kwa benchi mpaka kwenye makochi: Brayo amefunga, kwa krosi. Waheshimiwa wakapiga makofi matatu matatu, kwa utaratibu.

Maureen akaegemea, akanywa maji. Kwenye fomu, pale palipouliza kama watazamaji wanaona vizuri, aliandika kwamba hakuna aliyelalamika, akatia sahihi.